Askari wa Mfereji wa Kajiru

Haki ya Mungu, ardhi hii ipasuke inimeze kama naongopa! Kila neno hapa ni kweli. Anayebisha na abishe, kilima chenyewe bado kipo.

Mtu mmoja, jina lake Kajiru, alikuwa na mashine ya kusukuma maji. Si mashine ya kuchezea. Ilikaa bondeni, mchana na usiku inagonga du, du, du, inapandisha maji kilima kizima. Migomba, vitunguu, ng'ombe, watoto wa watu, wote waliishi kwa mdundo huo. Ikisimama, huko juu hakuna mtu. Na mashine yenyewe ilikuwa inakunywa kwenye mfereji mmoja wa udongo, na mfereji ulikuwa na askari wake.

Askari hao, jamani! Mkuu wao, Mbonea, alikuwa anamsikia fuko akijikuna chini ya ardhi. Fuko akitoboa ukingo, yowe linapigwa, askari wanashuka kama nyuki, wanammaliza, wanaziba tundu kwa udongo. Lakini desturi ya kilima kile, yowe haliishi hivi hivi. Lazima mwenye mfereji ashuke na kibuyu cha togwa, amnyweshe kila askari funda moja, awaambie, "Poeni, mrudi kwenu." Hapo ndipo majembe yanawekwa chini. Bila togwa askari haondoki, hata adui awe ameshaoza.

Kajiru alikuwa pia na tanuri la kupikia sukari guru, juu kidogo ya mfereji. Makarai yake, ng'ombe angeogelea. Yakifurika, maji ya miwa yanamwagikia mferejini. Kidogo kidogo, kila siku. Hakuna kilichouma. Watu wakasifu, maji ya Kajiru matamu. Kumbe kingo zinanata, zinachubuka, na mafuta na taka zinazopita zinanasa humo. Askari wakaona kitu wasichokijua. Yowe! Wakashuka. Fuko hayupo. Basi wakaupiga ukingo wenyewe. Wakaukata, wakauziba, wakaukata tena. Wengine wakasema watausafisha ule uchafu kwa kuula. Wakala mpaka wakavimba kama mapipa, wakashindwa kutoka, wakafia humo humo ukingoni, na wenzao wakawapaka udongo juu. Mfereji wa kuogelea kiboko ukabaki mwembamba kama utumbo wa kuku.

Nakijwa, mkewe Kajiru, alikuwa analiona hilo kila akienda kukata majani.

"Baba Elinami, hawa watu wako wanapigana na nani?"

"Wanalinda, mama. Ulinzi kama huu hata Ikulu hawana."

"Wanalinda nini, na maji yanapungua?"

"Maji yapo. Kwani mashine huisikii?"

Lakini neno lilimkaa. Kajiru hakuwa mjinga, alikuwa mkaidi tu. Akashuka, akaonja maji, akatema. Siku hiyo hiyo akalibomoa tanuri kwa mikono yake, matofali yakaruka mpaka kijiji cha pili. Maji yakarudi kuwa maji. Akakaa mlangoni, kifua mbele. Amemaliza. Togwa hakushuka nayo. Awanyweshe watu waliomchimbulia mfereji wake? Tena kwa akili yake, utamu umeondoka, basi na vita vimekwisha vyenyewe.

Bondeni, majembe yaliendelea.

Asubuhi moja, Kajiru yuko kwenye kiporo chake, bonge la ule udongo likang'oka ukingoni, likaserereka, likaziba mdomo wa mashine. Mashine haikulia. Sisi tunadhani kitu kikubwa kinakufa kwa kishindo. Ilipiga du. Ikangoja. Ikapiga du. Basi. Kajiru aliukosa ule mdundo kama mtu anavyokosa ngazi gizani, akatupa kiporo, akakimbia. Nakijwa naye nyuma yake.

Alimkuta Mbonea amesimama mferejini, macho mekundu, amekonda, jembe liko juu.

"Mmeniua!" Kajiru akalia. "Utamu nimeuondoa zamani! Mnapiga nini?"

Mbonea akamtazama. "Mzee, yowe lilipigwa. Nani alikuja kutuambia limekwisha?"

 Kajiru alipogeuka, Nakijwa alikuwa amemfikia, kibuyu cha togwa mkononi. Kajiru akakipokea, akapiga magoti kwenye tope, akamnywesha askari mmoja baada ya mwingine. Majembe yakashuka. Ndipo wote wakaingia wakalichokonoa lile bonge kwa kucha. Mashine ikakohoa, ikaanza. Lakini haikupiga tena kama mwanzo. Maji yanaishia katikati ya kilima. Migomba ya juu ilikauka, na hao waliokuwa wakiishi huko wameshahama.

Mashine hiyo unayo kifuani, na mfereji unao. Wewe mwenye kisukari, soda umeacha, chai unakunywa kavu, hongera, umevunja tanuri. Lakini askari wa damu yako, waliochokozwa na utamu wa miaka yote hiyo, umekwenda lini kwa daktari kuuliza kama wamesharudi kwao?

Ila nawaomba, maneno haya yaishie hapa hapa, msimpelekee mtu. Kajiru bado yu hai, na hapendi isikike kwamba aliwapigia magoti askari wake.