Waliomzuru Mgonjwa Wasimwone

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu katika dini, na leo naifikisha kwenu nikiwa na hasira, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za kale, alikuwapo fundi wa matandiko ya farasi akiitwa Sinani. Alikuwa mja mwema, mwenye kuswali na kufunga, mkono wake ni hodari katika kazi, ila alikuwa mgeni. Alihamia pale na mkewe na watoto wake, wakikimbia ukame uliomaliza mifugo na watu huko kwao.

Sasa, soko la mji ule lilikuwa na desturi yake. Mgeni hafungui duka, hata awe fundi wa namna gani, mpaka mfanyabiashara anayejulikana amshike mkono baada ya swala ya alasiri na kutembea naye sokoni duka kwa duka, akisema, "Huyu ni mtu wangu, mjueni." Aliyeshikwa mkono, mambo yake yalinyooka. Asiyeshikwa alikaa nje ya lango na ngozi zake mpaka zioze. Desturi yenyewe si mbaya, jamani. Watu wa biashara lazima wajuane na wadhaminiane, nani amekataza? Lakini ngojeni muone binadamu alivyoiharibu.

Sinani alikaa nje ya lango hadi unga wa nyumbani ukawa unakwisha. Mkewe alishaanza kufunga mizigo, maana hapakuwa na njia iliyobaki isipokuwa kurudi kulekule kwenye ukame, walikomzika mtoto wao wa kwanza. Ndipo jirani yake mmoja, Jabala, mjuaji wa mambo ya mjini, akamwendea na kumcheka.

"Ama kweli wewe ni mshamba, Sinani. Unashinda msikitini kuomba riziki, wenzako wanashinda kwa Mzee Hubaishi."

"Kwani kwa Mzee Hubaishi kuna nini?"

"Anaumwa. Na Kudama yuko pale kila siku."

Hubaishi alikuwa muuza ngozi, mzee aliyeheshimika kwa ukweli wake. Kudama alikuwa rafiki yake tangu ujana, na ndiye mkubwa wa wafanyabiashara wote. Hapakuwa na mkono uliotafutwa zaidi sokoni kuliko wake. Basi Kudama alipoanza kumzuru rafiki yake, kila aliyetaka kujuana na Kudama naye akaingiwa na huruma ya ghafla kwa mgonjwa. Wauza nguo wakaja, wauza mafuta wakaja, na madalali ndio usiseme. Wakaja watu ambao hawakuwahi hata kumwitikia Hubaishi salamu yake. Na kumzuru mgonjwa ni ibada, ndugu zangu! Malaika wanamwombea mwenye kuifanya. Wao wakaigeuza gulio.

Sinani alisitasita. Alijua moyoni kwamba nia ile haikuwa safi. Lakini aliiona mizigo imefungwa, akawatazama watoto, akavaa kanzu yake iliyofuliwa, akaenda.

Alikuta sebule imejaa mpaka kizingitini. Kudama ameketi katikati, na watu wanamzunguka, huyu anamsifu, yule anamtajia baba yake, mwingine anampangusia mkeka ambao hauna hata vumbi. Vicheko vilikuwa vingi. Sahani za tende na mkate zilikuwa zinakuja na kurudi tupu. Na nani alikuwa akizileta? Bi Lubaba, mke wa mgonjwa, bibi kizee wa watu, aliyeshindwa kukaa na mumewe kwa sababu ya kuwakirimu wageni wa mumewe. Toka asubuhi alikuwa mekoni, macho yamemwiva kwa moshi. Hivi watu hawa hawakuwa na mama zao?

Jabala akamsogelea Sinani, akamnong'oneza, "Usikae mlangoni kama mwombaji. Ingia chumbani kwa mgonjwa, kaa kidogo, halafu toka huku unafuta machozi. Kudama atakuona tu."

Na Sinani, mja mwema yule, akakubali. Siwafichi. Akapita katikati ya watu, akaingia chumbani ili aonekane akitoka.

Mle ndani hamkuwa na mgeni hata mmoja. Mzee Hubaishi alikuwa amelala peke yake, midomo imepasuka kwa ukavu, na mkono wake unapapasa ukutani kuelekea mtungi wa maji asioweza kuufikia. Koo lilikuwa limemvimba, sauti haitoki. Alikuwa akiomba maji kwa mkono, Mungu wangu, na ukuta wa pili nyumba nzima imejaa watu waliokuja kumtazama!

Sinani akasahau machozi aliyokuja kuyaigiza, maana ya kweli yalimtangulia. Akachovya kitambaa katika maji, akamkamulia tone kwa tone, akamgeuza ubavu, akamfuta jasho. Mzee akamshika mkono kwa nguvu zote zilizomsalia. Hakuuachia.

Punde Jabala akachungulia mlangoni. "Toka basi! Kudama ameanza kuchagua atakaowatembeza sokoni kesho. Ameuliza kama kuna fundi wa matandiko. Toka, bwana!"

Sinani akautazama mlango, akautazama na mkono ule mkavu uliomshika. Naapa, huo ndio mtihani uliomfika. Riziki ya watoto wake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na mtu asiyemjua alikuwa akikata roho.

"Mwambie hayupo," akasema.

Jabala akaguna, akaondoka zake. Sinani akainama sikioni mwa mzee, akamtamkia kalima ya shahada taratibu, na midomo ya mzee ikaifuata bila sauti, mpaka ilipotulia. Alipomfumba macho, alisikia sebuleni wakicheka.

Akatoka, akasimama mbele yao. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenye nyumba amefariki."

Vicheko vikakatika. Kisha, oneni haya, wakapigana vikumbo nani awe wa kwanza kumpa Kudama mkono wa pole! Bi Lubaba alikuwa amesimama mlango wa mekoni, sahani mkononi. Akaiweka chini.

"Nawauliza neno moja," akasema. "Nani kati yenu anajua mume wangu alikuwa akiumwa nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema homa. Mwingine akasema, nadhani ni moyo. Kudama akainamisha kichwa.

"Koo," akasema bibi. "Alikuwa hawezi kuita."

Kudama, kwa ile aibu, akatafuta njia ya kuiokoa heshima yake, akamwona Sinani. "Alhamdulillahi," akasema kwa sauti, "amekuwapo mmoja miongoni mwetu aliyekuja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wewe ni nani, ndugu yangu?"

"Sinani. Fundi wa matandiko."

"Lete mkono wako. Tukishamzika mwenzetu, nitakutembeza soko zima."

Basi hapo alichotakiwa ni kunyamaza tu. Anyamaze, aupokee mkono, mizigo ifunguliwe nyumbani. Nani angejua?

"Bwana Kudama," akasema Sinani, "mimi nilikuja kwa ajili ya mkono wako huo. Niliingia ndani ili unione nikitoka nafuta machozi. Nilikaa kwa sababu nilimkuta ana kiu, na nilipomnywesha alinishika mkono asiuachie."

Kudama akaurudisha mkono wake kana kwamba umegusa kaa la moto. "Kumbe huna tofauti na hawa."

"Sina, bwana."

"Tofauti ipo!" Bi Lubaba akapaza sauti. "Huyu aliingia kwa tamaa, akatoka na ukweli, na mume wangu amekunywa maji. Wewe Kudama ulikuja kwa urafiki wa miaka mingi. Uliingia chumbani mara ngapi?"

Machozi yakamtoka Kudama, na safari hii hakuna aliyejipendekeza kumfuta.

"Duka la mume wangu lina nafasi," bibi akaendelea. "Huyu atakaa humo afanye kazi yake. Na soko likiuliza nani aliyemshika mkono, waambieni ni Hubaishi. Alimshika mpaka pumzi ya mwisho."

Wapokezi wanasema Sinani alifanya kazi katika duka lile hadi uzeeni, na alimtunza Bi Lubaba kama mama yake mzazi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Na sisi je? Msiwacheke watu wa kale, maana sisi tumewazidi. Tunakwenda matangani tukauliza kwanza mheshimiwa gani atakuwepo. Tunapeana kadi za biashara makaburini na udongo haujakauka. Tunaingia wodini, tukimkuta bosi fulani kando ya kitanda tunampa mgonjwa mgongo, halafu tunarudi nyumbani tukijiandikia thawabu! Thawabu ya nini? Juaneni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, shirikianeni katika biashara, mfungue maduka na makampuni; siku za sokoni ni nyingi na hakuna aliyewazuia. Lakini ukiambiwa ndugu yako anaumwa, wapite hao waliojaa sebuleni, ingia ndani, umuulize kama amekunywa maji.