Mgombea Mwenye Nyumba Nyingi

Shebe Mkarafuu aligombea umeya, na mwenyewe alikiri kwamba ulimi wake hutangulia akili. Mpinzani wake aliahidi kufuta kodi ya majengo. Yeye akaapa kuipandisha, halmashauri ipate fedha za kuchimba mitaro. Bi Siwatu, msuka mikeka, akamkaribisha barazani mbele ya majirani.

"Mwanangu, hapa unapaonaje?"

"Hapa ni kwangu, mama!"

"Au ni maneno ya kampeni tu?"

"Haki ya Mungu, nyumba hii ni yangu!"

Bi Siwatu akamkabidhi ankara ya kodi. "Basi lipa, mwenye nyumba. Na majirani hawa wanazo ankara zao. Kwao pia uliapa hivyo hivyo."

Shebe akajicheka, akalipa zote. Jioni akatangaza msimamo mpya: kodi ishuke, maana inawaumiza wenye nyumba nyingi kama yeye.