Baraka Zilizomlemea Restituta

"Leo hakimbii," Emiliana alisema. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha binti yao, mikono kiunoni, na kanga yake ilikuwa imefungwa ovyo kwa haraka.

"Nipishe, mama Restituta. Kumekucha."

"Kukuche tu. Hukumsikia akikohoa?"

"Ni baridi hiyo. Akipanda mlima kifua kitafunguka."

"Na mguu nao utafunguka? Jana kutoka jikoni mpaka kitandani alikuwa anashika ukuta. Na kuna jambo jingine, baba Restituta, naona haya hata kulisema. Huu ni mwezi wa nne mtoto hajaziona siku zake."

Akonaay alitazama pembeni. "Hayo ni mambo yenu wanawake. Mimi nina Jumamosi. Zimebaki siku tano, na wewe unataka nikawaambie watu kwamba binti yangu amelala?"

Kabla Emiliana hajajibu, mlango ulifunguliwa nyuma yake. Restituta alitoka akiwa ameshafunga kamba za viatu. "Niko sawa, mama," alisema, akapita katikati yao bila kumtazama hata mmoja.

Mtu huyu Akonaay alikuwa na saa moja ya mkononi na binti mmoja aliyejaliwa mbio. Vyote viwili alivipenda, lakini alichokiamini zaidi ni saa. Walikaa kwenye miinuko ya Mbulu, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye mashamba ya ngano na mtu huona pumzi yake mwenyewe. Hapo ndipo alipomfundisha Restituta kukimbia tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na ishirini, naye alikuwa bingwa wa nchi wa mita elfu kumi. Jumamosi hiyo zilikuwa mbio za kuchagua timu ya taifa. Wangechukuliwa watatu tu.

Akonaay hakuwa mkatili. Alimpikia binti yake uji kwa mkono wake mwenyewe, na jioni alimkanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Alijua kila mlima alioupanda na kila dakika aliyoitumia. Kilichomshinda ni kukijua kile ambacho saa haikionyeshi.

Kijijini kwao palikuwa na desturi. Mtu akiwa na safari kubwa, majirani humwendea na maziwa. Kila mmoja huja na kikombe chake. Msafiri hunywa funda moja kutoka kila kikombe, na mwenye kikombe hutaja jambo analotumaini safari hiyo italeta. Zamani walitaja mvua na kurudi salama, basi. Lakini Restituta aliporudi kutoka nje ya nchi na medali, wageni walikuja kumpiga picha, na baada ya miezi michache kijiji kikaletewa bomba la maji. Tangu siku hiyo watu walitaja mambo mengine. Mzee wa kanisa alitaja mabati. Mwalimu alitaja madawati. Mjomba wake alimtaja mwanawe aliyekosa nafasi chuoni, kana kwamba chuo kiko mwisho wa mbio, kwenye utepe.

"Mimi shida yangu ndogo, mwanangu," alisema jirani yao mmoja mcheshi, Mama Tluway, siku maandalizi ya mbio hizi yalipoanza, akimsogezea kikombe. "Ng'ombe tu. Mmoja. Akiwa na mimba sitamkataa."

Watu wote walicheka. Restituta naye alicheka, akanywa. Alipomaliza vikombe vyote alizunguka nyuma ya nyumba akatapika, akajipangusa mdomo, akarudi akitabasamu. Emiliana alimwona. Akonaay alikuwa akiwasindikiza wageni.

Mwezi wa pili wa maandalizi, saa ilianza kusema vibaya. Mlima aliokuwa akiupanda kwa dakika arobaini ulimchukua arobaini na tatu. Mafua yalimshika, yakaondoka, yakarudi. Usingizi ulimhama, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Akonaay alifikiri sana. Akaona kwamba mambo ni mawili: ama binti amelegea, ama baraka zimepungua. Akaamua kutibu yote mawili kwa pamoja. Asubuhi aliongeza mlima wa tatu. Jioni aliwaita majirani waje na vikombe, si mara moja kama ilivyokuwa desturi, bali kila baada ya siku mbili.

Alifanya kama mtu anayemwona punda wake akipiga magoti njiani, akadhani gunia limeelemea upande mmoja, akampakia la pili upande wa pili ili mzigo ukae sawa.

Mara nyingi Restituta alifungua kinywa ili aseme, lakini kila alipokifungua, mtu aliweka kikombe hapo.

Asubuhi ile waliyogombana, alikimbia. Jumanne alikimbia. Jumatano alikimbia huku akihema kama mzee, na Akonaay, aliyekuwa akimfuata kwa baiskeli, alimpigia kelele: "Nyanyua goti! Wenzako wa Arusha wanalala wakiwaza kukupita!" Alhamisi, kwenye mlima wa tatu, Restituta alisimama. Hakuanguka wala hakupiga ukelele. Alisimama tu, akakaa taratibu kwenye changarawe pembeni mwa barabara, mguu mmoja ameunyoosha mbele yake kama kitu kisicho chake.

Akonaay alikuwa chini kwenye kona. Jambo la kwanza alilofanya ni kusimamisha saa. La pili ni kumkimbilia.

Hospitali ya mjini walimpiga picha ya mguu na ya kifua. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliinua picha dirishani akawaonyesha Akonaay na Emiliana ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi, mwembamba kama unywele. Kifuani nako kulikuwa na nimonia. Akasema mfupa huo haukuvunjwa na ajali. Umechoka, na mwili ambao ungeuponya nao umechoka, ndiyo maana hata siku zake zimekoma. Wiki nane asikimbie. Akikimbia Jumamosi unaweza kukatika vipande viwili, na hapo asiulizwe tena habari za mbio.

Kisha aliuliza binti anakimbia kiasi gani. Akonaay alijibu bila kusita, mlima kwa mlima, siku kwa siku. Daktari akauliza kama analala, kama anakula akashiba, kama moyoni ana utulivu. Akonaay aliitazama saa yake. Aliona hayo ni maswali ya padri, si ya daktari.

"Basi, yamekwisha," Emiliana alisema walipokuwa wakirudi. Mumewe alikuwa akitazama njia, naye akadhani amekubali.

Hakuwa amekubali. Moyoni alikuwa anahesabu nyuso. Atamwambia nini mzee wa kanisa? Atapita vipi mbele ya shule? Miaka minane ya kuamka kabla ya ndege, iishe kwa ufa mwembamba kama unywele ambao yeye mwenyewe bila kuonyeshwa asingeuona? Hakumweleza jirani hata mmoja alichosema daktari. Ijumaa mchana, Emiliana aliposhuka zahanati kufuata dawa za kifua, Akonaay alikwenda kwa Gidamis, muuza dawa za mifugo, akamwomba sindano ya ganzi.

"Nimeshawachoma punda vilema wakapanda milima," Gidamis alisema, akifungua mkoba wake. "Nitamchoma leo, na kesho kabla ya mbio nitamrudia. Hatasikia kitu mpaka amalize."

"Na akishamaliza?"

Gidamis aliinua mabega. "Akishamaliza si atakuwa ameshashinda?"

Jibu hilo lilimchoma Akonaay mahali fulani, lakini hakusimama kupaangalia. Alimwambia Gidamis waende.

Walipofika, uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu. Majirani walikuwa wamekuja kwa baraka ya mwisho, wamekaa kwenye mabenchi na magogo, kila mtu na kikombe chake, na Mama Tluway alikuwa akiwachekesha. Walipomwona Akonaay walishangilia. Mtu akauliza kwa sauti bingwa yuko wapi, atoke wamwone. Akonaay aliwapungia mkono. Alimwambia Gidamis asubiri nje kidogo atayarishe sindano, kisha akaingia ndani peke yake ili amwandae binti.

Mlango wa chumba haukuwa umefungwa vizuri. Akonaay aliinua mkono ausukume, kisha akasikia sauti, mkono ukabaki hewani.

Restituta alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Amejifunga blanketi mabegani, na mguu mbovu ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa akisali, si kwa sala ile waliyomfundisha kanisani. Alikuwa akizungumza kama mtu anayemwomba mkubwa wake ruhusa.

"Uuvunje mguu huu leo," alikuwa akisema. "Nakuomba. Uuvunje kabisa, waone wote. Ufa hawauoni. Ukivunjika hakuna atakayesema nimekataa. Mama hatagombezwa. Baba hataona aibu. Nitalala. Nataka kulala tu, Mungu wangu. Uuvunje."

Alikohoa mpaka blanketi likadondoka. Mabega yake yalikuwa membamba. Akonaay alishangaa, kwa sababu mabega hayo aliyaona kila siku kwa mbali, yakipanda na kushuka barabarani, na siku zote alikuwa akitazama kasi yake tu. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kwa vidole, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alijua kwamba akimwita Gidamis sasa, binti atanyoosha mguu bila neno na kusema yuko sawa, na kesho atakimbia, na ombi lake litajibiwa.

Huko nje walikuwa wameanza kupiga makofi. Gidamis alikuwa ameshafika kizingitini, sindano mkononi, na nyuma yake watu walikuwa wamesimama wote na kuinua vikombe. Akonaay alikuja mpaka kwenye mlango wa mbele. Aliweka mkono mmoja kwenye mwimo wa kulia na mwingine kwenye mwimo wa kushoto, mtu asiweze kupita. Makofi yalipungua, yakaisha. Mama Tluway peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, akingoja aambiwe kuna nini.

"Nendeni nyumbani na vikombe vyenu," Akonaay alisema. "Humu ndani yumo mtoto anayemwomba Mungu amvunje mguu, ili sisi tumwache apumzike. Nani kati yetu ataitikia amina?"