Salamu Ndefu za Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa bonde moja walikuwa na baraza, na baraza lilikuwa na kanuni zake. Aliyetoka kikaoni hakupiga kura. Na aliyesimama kusema alitoa kwanza salamu, akitaja vyeo na koo za waheshimiwa, asikatizwe na mtu. Hii ya pili aliitunga Diwani Kiboko, maana alipenda sana kusifiwa.

Siku moja Kiboko akaleta hoja. "Bwawa liwe la ukoo wangu peke yake. Hawa wadogo wanalichafua!"

Moyo wa Bi Digidigi ukafanya pu! pu! Nyumbani alikuwa na mtoto mchanga, na maji mengine hayakuwepo. Akawatazama wajumbe. Wote wameinamisha vichwa. Nani atanyanyua mguu kumpinga Kiboko, naye amewakodolea macho?

Akatazama jua. Lilikuwa linapanda, na kikao kilikuwa kilimani, mbali na tope. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti Kobe, mwenye nyumba isiyovuja..."

"Endelea, mama," akasema Kobe.

"Nawe Diwani Kiboko, bwana wa matope, mwana wa Kiboko Mnene, mjukuu wa Kiboko Mnene Zaidi..."

"Ehee! Hapo umesema!" Kiboko akachekelea.

Bi Digidigi akataja babu za Kiboko. Akataja mashangazi. Jua likawaka, waa! Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kupasuka, ta! ta!

"We mama, inatosha! Nimeshasalimiwa!"

"Bado mjomba wako wa ng'ambo ya mto, mheshimiwa. Nimruke? Si itakuwa dharau?"

"Mwenyekiti, mkalishe huyu!"

"Kanuni ni yako, diwani," akasema Kobe. "Salamu hazikatizwi."

"Uwii, naungua!" Kiboko akateremka mbio, di! di! di! Akajitupa bwawani, pwaa!

Hapo hapo Bi Digidigi akakaa. "Nimemaliza, mwenyekiti."

"Haya, wanaoikataa hoja?"

Ukanyanyuka mguu mmoja, wa pili, kisha yote. Hata Nyati, rafiki wa Kiboko, akanyanyua wake. "Mnanitazama nini? Kwani mimi sinywi maji?"

Jioni Bi Digidigi akampeleka mwanawe bwawani. Kiboko akanuna, puani akitoa mapovu, lakini akawapisha. Mtoto akanywa, gu! gu! gu!, mpaka tumbo likawa duara.

Basi wanangu, mtoto ameshiba maji, nami nimefika mwisho: zijueni kanuni, hasa zile ambazo wakubwa wamejitungia wenyewe.