Tiki ya Kijani

Wapendwa, leo naomba mnisindikize hadi ofisini kwa dada mmoja ambaye kazi yake wengi wetu hatuijui. Msianze kumwonea huruma; ni mkali kuliko mimi.

Dada huyu alikuwa akitunza programu ya kuchati mtandaoni, ambayo wauguzi wa zahanati za milimani waliitumia kuwasiliana na hospitali kubwa ya mjini. Kutunza programu ni kama kufulia familia kubwa: ukimaliza, kapu limejaa tena. Kila siku alifungua yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini, akarekebisha hapa, akafuta pale, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Siku moja ikaja barua kutoka zahanati ya mbali. Muuguzi alikuwa ameandika kwenye programu, "Mama anatoka damu nyingi, tumeni gari." Pembeni ikatokea tiki ya kijani, kwamba ujumbe umefika. Muuguzi akasubiri saa nzima, na nyingine, na nyingine. Ujumbe haukuwa umefika popote. Yule mama alinusurika kwa kupakiwa juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililopita kwa bahati tu.

Dada aliposoma, alichemka. Akachimba mpaka akakuta mstari mmoja ulioagiza tiki itokee mara tu mtu anapobonyeza, hata kabla ya kujulikana kama ujumbe umefika. Juu ya mstari huo fundi fulani alikuwa ameacha maneno, kama mafundi hawa walivyozoea: "Kwa muda tu. Nitarekebisha." Akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Bosi, ile tiki inadanganya. Naiondoa leo."

"Dada yangu, wiki ijayo wafadhili wanakuja," bosi akasema. "Mimi nataka rangi mpya na vile vikatuni vya kucheka. Na tiki watu wanaipenda, inawatuliza."

"Ilimtuliza muuguzi, mgonjwa nusura afe."

"Basi mtafute aliyeandika huo upuuzi, aje kikaoni ajieleze."

Hilo alilipenda. Kila mstari wa programu huwekewa kumbukumbu, nani aliuandika na lini, naye alikuwa na hakika ni fundi aliyemtangulia, ambaye dada alimtupia lawama miaka yote. Akafungua kumbukumbu mbele ya bosi. Jina lilikuwa lake mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa mchana, miaka minne nyuma, akiwahi harusi ya binamu yake.

Ungefanya nini? Wewe unayetabasamu pale nyuma, ungefanya nini?

Bosi akampa njia ya kujinasua. "Kumbe ni wewe. Basi rekebisha kimya kimya, yaishe. Nani atajua?"

"Wauguzi wote watajua. Nawaandikia sasa hivi."

Na kweli akawaandikia: "Tiki mliyokuwa mkiiona ilikuwa ya uongo. Niliiweka mimi. Kuanzia leo ujumbe usipofika mtaona alama nyekundu. Mkiiona, msikae kusubiri, pigeni simu."

Wafadhili walipokuja, skrini ilijaa wekundu. Bosi, jasho likimtoka, akamnong'oneza airudishe tiki, la sivyo afungashe virago. "Nitafungasha," dada akajibu, na wala hakunong'ona. "Lakini hairudi." Hata baadhi ya wauguzi walilalamika kwamba siku hizi programu imeharibika. Imeharibika, ndugu zangu, au ndiyo kwanza imepona?

Sasa niwageukie ninyi mnaomcheka bosi. Jirani alipokwambia mtoto wake anaumwa, ulimjibu nini? "Nakuombea." Ulimwombea? Sisi ni mabingwa wa kuwasha tiki. Tunasema tutapita, tutapiga simu, tupo pamoja, na mwenzetu anarudi nyumbani akiamini kuna gari linakuja.

Wazee wa kanisa wataniambia baadaye kwamba mchungaji hasemi mambo haya madhabahuni. Nitayasema. Humu ndani yuko mama anayeuguza mume wake. Jumanne nilimwahidi kwamba nitafika nyumbani kwake kabla jua halijazama. Mama, sikuja. Sikuwa safarini wala sikusahau. Niliona uvivu, nikakuacha unasubiri.