Komeo Lisilo Bovu

Nisikilizeni, ndugu zangu, kwa masikio na kwa moyo.

Alikuwepo bwana mmoja, mtunzi wa filamu, aliyesifika kwa kanuni moja: mwenye hamu hataji hamu yake. Husema neno jingine, na hamu ikapita chini yake kama maji chini ya mchanga.

Akatunga habari ya mama anayemngoja mwanawe. Mwongozaji akaisoma, akaguna: "Mbona hasemi, 'Mwanangu, rudi'?"

"Akisema hivyo, kaka, umeua filamu. Mwache aseme: 'Komeo la mlango bado bovu. Nalala mlango wazi.' Asiyeelewa hapo, atoke nje akanunue karanga."

Siku ya kurekodi, mwigizaji, bibi wa makamo, akaketi mkekani, akauelekea mlango usio na mtu, akatamka maneno yale. Mtunzi akainuka kitini. Sauti ile ilikuwa ya mama yake mzazi, hata na kikohozi kidogo katikati.

"Nani amekufundisha kukohoa hapo?"

"Umeandika wewe, baba. Tazama."

Akatazama. Kikohozi kilikuwepo, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo akakumbuka. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, mama yake alimpigia simu akasema maneno hayohayo. Naye alijibu nini? "Nitamtuma fundi, mama." Na akamtuma, mara mbili! Mara zote mbili fundi akarudi akisema: "Komeo zima, bosi. Ni mama tu halifungi." Mnaona? Mwalimu wa hamu zisizosemwa akampelekea mama yake fundi!

Alasiri ileile akasafiri. Akausukuma mlango, haukufunguka. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umefungwa. Akapiga hodi: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu, komeo likalia. Mama akachungulia, akamtazama usoni kitambo kirefu.

"Ahsante kwa kuja, fundi. Limeshatengenezeka. Mwambie mwanangu asisumbuke tena."

Akaurudisha mlango taratibu. Komeo likalia.

Je, hakumtambua? Au alimtambua? Sijui, wala sitawadanganya.

Lakini sisi, ndugu zangu, nani kati yetu hana mtu anayempigia simu kumweleza habari za mvua, za kuku, za balbu iliyoungua? Nasi tunamtumia balbu. Leo tukitoka hapa, tusimtume mtu. Twendeni wenyewe, maadamu huko kwetu bado wanalala mlango wazi.