Tumbo la Bwana Kibali

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni hizi zamani za kaunti, alikuwako mjane mmoja huko vilimani, jina lake Bi Mkawasi. Upepo uling'oa paa la nyumba yake, mvua ikamalizia kuta. Akawa analala jikoni na kuku, akiamka anakohoa moshi huku jogoo amemkalia miguuni.

Wanawe wakamletea mawe, saruji na mabati. Siku fundi alipoanza msingi, gari la kaunti likasimama. Akashuka bwana mmoja mnene mwenye kopo la rangi, akachora X nyekundu kwenye mawe. Watu walimwita Bwana Kibali.

"Mama, hakuna kujenga bila kibali."

Bi Mkawasi akaenda ofisini kuomba kibali.

"Mama, hakuna kibali cha nyumba bila choo."

Akarudi, akamwita Mshila, mchimbaji wa pale kijijini. Kabla jembe halijagusa udongo, Bwana Kibali huyo!

"Mama, hakuna kuchimba choo bila kibali."

"Sasa mwanangu, nianze na kipi?"

"Anza na kufuata sheria."

Akaenda ofisini, akarudi. Akaenda, akarudi. Viatu vikalika upande, mawingu ya vuli yakaanza kujikusanya. Siku moja akaketi juu ya yale mawe akalia, kisha akatangaza mbele ya watu: "Nyumba hii itakuwa na chumba cha duka kinachotazama barabara. Atakayenipatia kibali, chumba ni chake. Sitaki kodi, sitaki shukrani."

Siku ya Bwana Kibali kuja kukagua kiwanja ikafika. Mghoi, mke wa mwanawe, akampikia mgeni kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, akamimina maziwa ya mgando pembeni. Bwana Kibali akala, akaongezwa, akalegeza mkanda. Kisha akasimama kando ya X yake aanze kuhutubia juu ya sheria. Tumbo likamkatiza. Likanguruma mpaka kuku wakainua vichwa.

"Mama, choo kiko wapi?"

"Mwanangu, si ulikikataza?"

Bwana Kibali akatoka mbio hadi kwa jirani, Mzee Mwakio. Choo kilikuwa na kufuli, na mwenyewe amesimama mlangoni.

"Mzee, fungua!"

"Siwezi, mkubwa. Choo hiki nilikichimba bila kibali. Mtu wa serikali utaingiaje mahali pasipo halali?"

"Mzee wangu, nakusihi!"

"Niletee kibali chake, nami nitakufungulia ushinde humo kutwa."

Akarudi magoti yamebanana, jasho likimtiririka. Hapo akajitokeza Mshila. Kumbe alikuwa amekaidi amri, akachimba kwa siri nyuma ya migomba na kuzungushia magunia. Alijua akisema, huenda akalala rumande. Lakini alimtazama yule bwana, huruma ikamshika.

"Nifuate, mkubwa. Shimo lipo."

Bwana Kibali akaingia. Akakaa humo. Watu wakangoja, wengine wakaziba vinywa wasicheke. Alipotoka alikuwa mpole kama aliyetoka kuungama.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "choo unacho. Nimekikagua mwenyewe."

Akatia sahihi, akapiga muhuri, akaondoka bila kuaga.

Nyumba ikajengwa, mvua ikamkuta Bi Mkawasi chini ya bati jipya. Ndipo watatu wakaja kudai chumba.

Mghoi akasema, "Mama, yale maziwa niliyajua. Yalikuwa yameharibika, ya kumwagwa tangu juzi. Nisingemvuruga tumbo, angekula, akashukuru, akaenda zake. Na angekufa, ningefungwa mimi."

Mzee Mwakio akasema, "Jirani, tumbo peke yake halitoi kibali. Ningemfungulia, angejisaidia kwangu kwa raha, kisha angerudi kukunyima. Leo kaunti inajua choo changu ni haramu. Wameshanipigia X mlangoni!"

Mshila akasema, "Ninyi mlimtesa tu. Mtu anayeteswa huenda kichakani, akapanda gari, akawachukia maisha yake yote. Mimi nilimwokoa nikijua naweza kufungwa. Na alichokikagua ni shimo langu, si kimanga, wala si kufuli."

Bi Mkawasi akawatazama mmoja mmoja, ufunguo mkononi. Wote walimtoa kwenye moshi.

Wala msiniambie wagawane. Chumba kina mlango mmoja, na watatu hawa hawasalimiani tena.

Haya, ninyi mnaojishika mbavu hapo: aliyemvuruga tumbo, aliyemfungia mlango, na aliyemwonyesha shimo. Je, nani alistahili ufunguo?